Amplifaya ya Gitaa ya Valvu: Mambo ya Kuangalia Kabla Pesa za Kikundi Hazijatoka



Kuna kikundi kimoja cha vijana upande wa Siaya ambacho tumekuwa tukikitembelea kwa muda. Wana kitalu cha miche, na pia wana bendi ndogo: magitaa mawili, besi, ngoma na waimbaji watatu. Wanapiga kwenye harusi, harambee za shule na siku nyingine hata matanga. Kinachopatikana kinaingia kwenye akaunti moja pamoja na pesa za miche. Walipofikisha shilingi 80,000 walituita. Walitaka kununua amplifaya ya gitaa, yaani kile kikuza sauti ambacho mpiga gitaa anachomeka waya wake, na walitaka iwe ya valvu.

Sisi si wanamuziki. Tuliitwa kwa sababu walikuwa wamewahi kununua nyingine miaka miwili kabla, na ile ya kwanza iliungua siku ileile ilipofika nyumbani. Kwa hiyo tulianza kuuliza. Tulikaa na mafundi wa redio, tukawasikiliza wazee waliopiga gitaa zamani, tukasoma tulichoweza kusoma. Tunawaandikia haya kwa sababu tunajua vikundi vingine vyenye bendi au kwaya vinafikiria jambo hilihili.

Hebu tuanze na ile iliyoungua. Iliuzwa na mchuuzi wa mitumba ya vyombo vya muziki, imetoka Marekani, bei nzuri, rangi bado inang'aa. Mtu alikuwa amekata plagi ya kwao na kuweka plagi yetu ya miguu mitatu. Vijana walipoona plagi inaingia kwenye soketi, waliona mambo ni sawa. Lakini nyuma, kwenye kibandiko kidogo, paliandikwa 120V. Stima yetu Kenya ni volti 240. Walipowasha, fyuzi ilikatika mara moja, na hapo mashine ilikuwa bado inaweza kuokolewa. Kijana mmoja akachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaizungushia ile fyuzi, akawasha tena. Moshi ulitoka chini ya transfoma. Transfoma ikishaungua, kuisuka upya ni kazi ghali, na fundi anayeijua vizuri si wa kila soko.

Fyuzi ikikatika inasema kuna shida. Haiwekewi karatasi ya fedha, haiwekewi waya, na haibadilishwi na ya ampea kubwa zaidi. Inatafutwa shida kwanza.

VALVU NI NINI

Wazee wetu wanazijua kutoka kwa redio za zamani, zile za mbao ambazo ukiwasha unangoja kidogo ndipo zinaongea. Valvu ni chupa ndogo ya glasi iliyoondolewa hewa. Ndani kuna kijiwaya kinachopata moto, na chembe za umeme zinaruka kutoka pale kwenda kwenye kibati cha chuma. Katikati kuna wavu mdogo. Sauti ya gitaa ni umeme mdogo sana, na huo umeme mdogo ndio unaowekwa kwenye ule wavu kuongoza umeme mkubwa unaopita. Ni kama mferiji wa tangi: mkono wa mtoto unaufungua, lakini maji yanayotoka ni ya bomba zima.

Transista zilivumbuliwa mwaka 1947, na baadaye zikachukua nafasi ya valvu karibu kila mahali. Kwa gitaa hazikuzimaliza. Sababu ni hii: transista ikizidiwa inakata sauti ghafla, na sikio linaumia. Valvu ikizidiwa inaikunja sauti polepole, inakuwa nene, inakwaruza kwa utamu. Mpiga gitaa akipiga kwa upole sauti ni safi. Akipiga kwa nguvu, mashine inamjibu. Jaduong' mmoja aliyekuwa kwenye bendi miaka ya 1970 aliwaambia vijana, "Wanangu, hiyo ya transista inapiga unachopiga. Ile ya zamani ilikuwa inapiga na wewe."

Maneno yake ni mazuri, lakini tuliwaambia vijana ukweli tunaouona sisi. Benga inataka sauti safi. Gitaa la mbele linakimbia kwa noti moja moja, kali na wazi, kama nyatiti inavyochunwa. Wale waliosikia nyimbo za D. O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, wanajua kwamba gitaa halikwaruzi pale. Kwa kazi kama hiyo tu, amplifaya nzuri ya transista inatosha kabisa, na haina glasi ya kuvunjika. Roland JC-120, ambayo ilitoka mwaka 1975, ni ya transista na inaheshimiwa dunia nzima kwa usafi wa sauti. Kama mahali penu hapana fundi hata mmoja aliyewahi kufungua mashine ya valvu, nunueni ya transista mlale usingizi.

Hawa vijana walikuwa na sababu mbili za kutaka valvu. Fundi alikuwepo, mzee wa jua kali aliyeanza na redio za valvu. Na walikuwa wanaitwa kupiga si benga peke yake, bali rumba, regge, nyimbo za kanisani na hata roki kwa harusi za watu wa mjini. Walitaka mashine moja ya kazi nyingi.

KAZI NYINGI MAANA YAKE NINI

Hapa ndipo tuliona vikundi vingi vikipotea. Mtu akisikia "kazi nyingi" anafikiri amplifaya hiyohiyo itachukua maiki ya mwimbaji, kinanda, besi na redio ya kucheza kanda. Sivyo. Amplifaya ya gitaa ina spika ya inchi 10 au 12 isiyo na ile spika ndogo ya sauti za juu. Sauti nyembamba kabisa hazitoki. Gitaa linapenda hivyo, lakini mwimbaji atasikika kama amefunikwa blanketi, na maneno hayatashikika. Besi nayo ni mbaya zaidi: inasukuma karatasi ya spika mbele na nyuma mpaka inapasuka. Mashine ya gitaa ni ya gitaa. Maiki na kinanda vina mashine yao, na besi ina yake.

Kazi nyingi kwa gitaa maana yake ni mambo machache. Kwanza, iweze kutoa sauti safi hata ngoma zikiwa zinalia. Hilo ndilo la maana kuliko yote, maana mkwaruzo unaweza kuongezwa kwa kile kisanduku kidogo cha kukanyaga kwa mguu, lakini usafi usiokuwepo hakuna kisanduku cha kuuleta. Pili, iwe na njia mbili, moja safi na moja ya mkwaruzo, zinazobadilishwa kwa mguu katikati ya wimbo. Tatu, iwe na kitufe cha "Master", ili mkwaruzo upatikane bila kuwafukuza wageni walioketi mbele. Nne, iwe na mwangwi wa springi, ulioandikwa "Reverb". Mwangwi huo unaipa rumba nafasi ya kupumua, na ukipiga uwanjani ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti utaona faida yake.

Hayo mengine, taa za rangi na vitufe ishirini, ni ya kumfurahisha muuzaji.

WATI NGAPI?

Mweka hazina aliuliza swali zuri: kama wati 15 ni bei hii, si wati 30 itakuwa kelele mara mbili? Kumbe hapana. Sikio la binadamu halihesabu hivyo. Ili sauti isikike kama imezidi mara mbili, wati zinatakiwa ziongezwe karibu mara kumi. Wati 30 ikilinganishwa na wati 15 ni tofauti ndogo tu, desibeli 3. Tena spika yenyewe inaweza kuleta tofauti hiyohiyo. Spika nyingine zimeandikwa desibeli 97, nyingine 100. Wati 15 kwenye spika ya 100 zinasikika sawa na wati 30 kwenye spika ya 97. Mtu anayenunua wati bila kuangalia spika ni kama anayenunua pampu bila kuuliza ukubwa wa bomba.

Kwa hiyo wati kubwa faida yake ni nini? Ni usafi. Wati 15 za valvu zinatosha kwa harusi ya ndani ya ukumbi, lakini ngoma zikianza kupigwa kwa nguvu mpiga gitaa ataongeza sauti, na mashine itaanza kukwaruza kabla hajataka. Wati 30 au 40 zinabaki safi zaidi. Wati 85 au 100 hatuoni kazi yake kijijini. Fender Twin Reverb ni wati 85, safi sana, lakini ina karibu kilo 29. Ibebe hiyo kwenye bodaboda halafu utuambie. Na kama uwanja ni mkubwa, kuna njia ya rahisi: wekeni maiki moja mbele ya spika ya gitaa, ipeleke sauti kwenye mashine kubwa ya waimbaji.

Tuliangalia aina tatu ambazo hupatikana zikiwa zimetumika. Fender Blues Junior, iliyotoka mwaka 1995, ni ya wati 15, kilo 14 hivi, na ina mwangwi na "Master". Ni nyepesi na ina valvu chache. Lakini ina njia moja tu, na kwa bendi yenye ngoma usafi wake unaisha mapema. Fender Hot Rod Deluxe, iliyotoka mwaka 1996, ni ya wati 40 na kilo 20 hivi. Usafi wake ni mwingi. Ubaya wake ni kwamba ukigusa kitufe cha sauti kidogo inaruka juu, na nyumbani ni shida kuipiga kwa upole. Ya tatu ni Peavey Classic 30, ya wati 30, njia mbili, mwangwi, na matundu nyuma ya kuchomeka visanduku vya sauti. Valvu zake kubwa ni nne badala ya mbili, kwa hiyo siku ya kubadilisha mfuko unahisi. Fundi wetu pia alinung'unika kwamba bodi yake imekunjwa kwa ndani na kuifikia kunachukua muda. Hata hivyo, kwa bendi hii na pesa hizi, sisi tuliona hii ya tatu ndiyo inayofaa, na vijana wakakubali.

KUIJARIBU

Usinunue kwa kuiona. Nenda na gitaa lako, mpigaji wako na fundi wako, hata kama fundi atataka kulipwa siku hiyo. Kabla ya kuwasha, geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma. Unatafuta 220, 230 au 240V, na pale kwenye mizunguko ya umeme iandikwe 50 au 50/60 Hz, maana stima yetu ni 50 na ya Marekani ni 60. Kama ni ya 120V, bado inaweza kutumika, lakini ni lazima kununua transfoma ya kushusha stima, yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya mashine. Hapo bei imepanda na mzigo umeongezeka, na kila siku kuna hatari mtu mgeni ataichomeka moja kwa moja ukutani. Sisi tungeiacha.

Hakikisha waya wa stima una nyaya tatu ndani na ule wa ardhi umefungwa kwenye chuma cha mashine. Mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma kwa mikono miwili, na mdomo wake uko karibu na maiki. Waya wa ardhi ukikosekana mtu anaweza kufa.

Ukiwasha, iache ipate moto. Kama ina swichi ya "Standby", washa ya kwanza, ngoja kama nusu dakika, ndipo uwashe ya pili. Sikiliza bila kupiga kitu. Mvumo kidogo ni kawaida ya valvu. Ngurumo kubwa si kawaida. Gonga kila valvu polepole kwa penseli: ikilia kama kengele kwenye spika, hiyo imechoka. Angalia ndani kutoka nyuma. Mwanga mdogo wa rangi ya chungwa katikati ya valvu ni sawa. Lakini kile kibati kikubwa cha nje kikianza kuwa chekundu kama mkaa, zima mara moja, hiyo ina ugonjwa. Vitufe vikichakacha ukivizungusha, hilo ni vumbi, la kutumia kupunguza bei tu. Halafu piga kwa nguvu na kwa upole nusu saa nzima. Muuzaji akianza kukuambia ana haraka, na wewe uwe na haraka ya kuondoka.

HESABU YAO

Kabla hawajanunua tuliwauliza kwanza kama wanahitaji kununua. Walikuwa wakikodisha amplifaya kwa shilingi 1,500 kila sherehe, na wanapata sherehe mbili kwa mwezi. Wangetumia shilingi 72,000 zote kununua, ingewachukua sherehe 48, yaani miaka miwili, kurudisha pesa hiyo. Walibishana kwa muda mrefu. Wasichana wawili wa kitalu walisema wazi kwamba pesa hiyo nyingi ilitoka kwenye miche, na kwamba ikiungua tena wao watajitoa. Hatukuona sababu ya kuwanyamazisha, walikuwa wanasema haki. Mwishowe wakakubaliana: nje ya sherehe zao, mashine itakodishwa kwa bendi nyingine kwa bei ileile, na kila shilingi 1,500 itagawanywa nusu kwa kitalu.

Mashine yenyewe waliipata kwa 52,000, ya volti 240. Valvu za akiba, nne kubwa na moja ndogo, zikachukua 11,000 pamoja na kusafirishwa. Fundi alilipwa 3,000 kwa siku ya kujaribu na kusafisha. Turubai la kufunika, fyuzi za akiba na waya mrefu wa stima vilikula 4,000, na usafiri 2,000. Jumla ni 72,000. Zile 8,000 zilizobaki hazikuguswa, zinangoja valvu zijazo. Kikundi kinachomaliza pesa zote kwenye mashine ya valvu kimenunua nusu ya mashine.

Maana valvu zinachakaa. Zile kubwa, kwa bendi inayopiga mara kwa mara, mwaka mmoja hadi mitatu. Zile ndogo hudumu zaidi. Bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na Uchina, kwa hiyo msitishwe na mtu anayesema ni za kale hazipatikani. Ila jueni kwamba valvu moja inaweza kuwa na majina mawili: 12AX7 ya Marekani ndiyo ECC83 ya Ulaya, na EL84 ndiyo 6BQ5. Muuzaji asiwauzie mara mbili.

Kwa wale wasio na stima, swali la sola huja kila mara. Mashine ya valvu inakula stima nyingi kuliko sauti inayotoa, kwa sababu kupasha moto zile chupa ni kazi. Tuseme yako inakula wati 100. Kwa saa tano hizo ni wati-saa 500. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina karibu wati-saa 1,200, lakini haifai kumaliza zaidi ya nusu yake. Basi betri moja yenye afya inatosha jioni moja, bila kuunganisha taa wala kuchaji simu za wageni. Inveta iwe ile ya umeme laini. Zile za bei ya chini zinaleta mlio kwenye spika.

Mambo ya kila siku ni haya. Usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Transfoma ya ndani inaweza kufa. Ukiongeza spika ya nje, namba ya ohmu ilingane na iliyoandikwa kwenye tundu. Baada ya kuzima, ngoja valvu zipoe kabla ya kuibeba, kwa sababu zikiwa moto mtikisiko wa barabara unaziua. Isiwekwe ukutani kabisa, inahitaji hewa nyuma. Na kijana yeyote asiifungue ati kwa sababu ametoa plagi. Ndani kuna volti 300 na zaidi, na vile vikopo vya kuhifadhi umeme vinaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi peke yake.

Tuliwarudia mwezi uliopita. Mashine ilikuwa chini ya turubai, na nyuma yake mtu ameandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: VOLTI 240, FYUZI MULIZE FUNDI. Valvu za akiba ziko kwenye kopo la kahawa lililojazwa pamba, na kopo hilo linakaa nyumbani kwa mmoja wa wale wasichana wa kitalu.